Kulipa na Kulipiza: Kisasi, Toba na Kukana Silaha katika Vinland Saga ya Makoto Yukimura

Ikisiri

Makala haya yanahakiki Vinland Saga, hadithi ndefu ya katuni ya Mjapani Makoto Yukimura iliyochapishwa kwa mfululizo kati ya 2005 na 2025, na ambayo inasawiri ulimwengu wa Waviking mwanzoni mwa karne ya 11. Ni rahisi kuisoma kazi hii kama safari ya mtu mmoja kutoka katika kisasi hadi katika amani. Makala yanadai kuwa usomaji huo hautoshi. Kwa kutumia tofauti za kimaana zilizomo katika msamiati wa Kiswahili wa deni na malipo, yaani kisasi, fidia, kafara na toba, yanaonesha kwamba swali kuu la kazi hii si iwapo kuua ni kubaya, bali ni nani mwenye haki ya kupanga malipo ya damu iliyokwisha kumwagika. Inahitimishwa kuwa toba ya mhusika mkuu ina nguvu pale inapokutana na mdai mwenye sura na sauti, na inadhoofika pale mkosaji anapojichagulia mwenyewe namna ya kulipa.

1.0 Utangulizi

Vinland Saga ilianza kutoka 2005 katika Weekly Shōnen Magazine, jarida la kila wiki la kampuni ya Kodansha linalowalenga vijana. Muda mfupi baadaye ilihamia Monthly Afternoon, jarida la kila mwezi la wasomaji watu wazima, na huko ikaendelea hadi tamati yake 2025. Mnamo 2012 ilipata Tuzo ya Manga ya Kodansha. Kuhama kwa jarida kunaweza kuonekana kuwa jambo la kibiashara tu, lakini kuna uzito wa kihakiki. Sehemu ya kwanza ya hadithi ina viungo vyote vya masimulizi ya vijana: mvulana jasiri, baba aliyeuawa, adui mwenye jina na pambano la mwisho linaloahirishwa kila mara. Kadiri kazi inavyoendelea, viungo hivyo vinavunjwa kimoja baada ya kingine, hadi msomaji aliyekuja kutafuta mapigano anajikuta akisoma kwa mamia ya kurasa namna watumwa wawili wanavyong'oa visiki.

Mhusika mkuu ni Thorfinn, mwana wa Thors, shujaa aliyelitoroka jeshi la Wajomsviking na kujificha Iceland ili aishi maisha ya mkulima. Thors anaviziwa katika Visiwa vya Faroe na kundi la mamluki linaloongozwa na Askeladd. Anamshinda Askeladd katika pambano la wawili, kisha anakubali kuuawa kwa mishale ili mwanawe na wenzake wapone. Mtoto huyo anamfuata muuaji wa baba yake kwa miaka kumi hivi, akimtumikia katika vita ili apewe nafasi ya kupambana naye. Nafasi hiyo haizai kifo anachokitaka. Askeladd anauawa na Mwanamfalme Canute, na Thorfinn anauzwa utumwani Denmark. Huko anaanza kuyatazama aliyoyatenda, anakana silaha, na hatimaye anaamua kuanzisha makazi yasiyo na vita wala utumwa katika Vinland, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki.

Hoja ya makala haya ni kwamba mabadiliko hayo hayaelezeki vyema kwa jozi ya kisasi na msamaha peke yake. Kati ya maneno hayo mawili kuna eneo pana la malipo, na ni katika eneo hilo ndimo Yukimura anamweka mhusika wake katika mtihani.

2.0 Lugha ya Deni

Kiswahili kina hazina ya kutosha ya kulipambanua eneo hilo. Maneno kisasi, dia, fidia, kafara na toba yote yana asili ya Kiarabu, na yote yamejenga makazi yake katika sheria, dini na mazungumzo ya kila siku. Hata hivyo, hayabadilishani nafasi. Dia na fidia hulipwa kwa aliyedhurika au kwa jamaa zake, na kiasi chake huweza kupangwa na kupokelewa. Kafara hutolewa ili kuondoa uzito wa kosa mbele ya nguvu iliyo juu ya binadamu, na aliyedhurika huenda asipate chochote. Toba ni mgeuko wa mkosaji mwenyewe, nayo haihitaji kupokelewa na mwanadamu yeyote ili iwe toba. Kisasi nacho ni malipo yanayochukuliwa bila ridhaa ya mlipaji.

Kitenzi kinachoandamana na kisasi kinazidi kulifumbua jambo hili. Mzungumzaji wa Kiswahili huweza kusema kulipa kisasi na pia kulipiza kisasi, na maana ya jumla ikabaki ileile. Mofolojia, hata hivyo, inawatofautisha wahusika. Katika kulipa kisasi, mtenda ndiye mlipaji: anatoa kitu anachodaiwa, na anayemdai ni maiti wa jamaa yake. Katika kulipiza, kiambishi cha usababishi kinamfanya mtenda awe mtoza deni, na mlipaji ni yule aliyeua. Hivyo mlipaji kisasi ana sura mbili kwa wakati mmoja. Yeye ni mdaiwa wa marehemu na mdai wa muuaji.

Sura hizo mbili zinaafikiana na picha ambayo wanazuoni wa Iceland ya kale wameichora. Miller (1990) anaonesha kuwa ugomvi wa damu katika jamii hiyo uliendeshwa kwa mantiki ya kubadilishana: uovu, kama zawadi, ulidai kurejeshwa, na heshima ya mtu ilipimwa kwa namna alivyosawazisha hesabu zake. Baraza la Althing lilianzishwa 930, lakini Iceland haikuwa na mfalme wala dola ya kutekeleza hukumu. Aliyeshinda kesi alipaswa kuitekeleza mwenyewe kwa msaada wa jamaa na washirika wake. Fidia ya damu, kutengwa na kuua vilikuwa njia tatu zilizokaa bega kwa bega. Neno la Kinorsi cha kale bót lilimaanisha fidia, na pia tiba au marekebisho ya kilichoharibika. Wazo kwamba malipo ni namna ya kuponya, kwa hiyo, lilikuwamo katika lugha ya jamii hiyo kabla msanii wa Kijapani hajaligusa.

Katika nadharia, Arendt (1958) anakiona kisasi kuwa mwitiko unaowafunga wote wawili katika mnyororo wa tendo la kwanza, huku msamaha ukiwa tendo jipya linalowafungua. Girard (1972) anasisitiza kuwa kisasi hakina kikomo cha ndani, kwa sababu kila pigo hujiona kuwa la mwisho. Mawazo hayo mawili yanaifaa sehemu ya kwanza ya Vinland Saga. Hayatoshi kwa sehemu zinazofuata, kwa kuwa huko mhusika mkuu si mwenye kusamehe. Ni mwenye kudaiwa.

3.0 Thorfinn na Askeladd: Mdai Anayekuwa Mdaiwa

Kejeli kuu ya sehemu ya kwanza ni kwamba Thorfinn anajiona mdai kwa muda wote ambao madeni yake mwenyewe yanaongezeka. Kila pambano analopewa na Askeladd ni ujira wa kazi, na kazi hiyo ni kuua. Ili afikie damu moja anayoidai, anamwaga damu za watu asiowajua. Mfano ulio wazi ni wa mwanamke wa Kiingereza anayemhifadhi mvulana huyu, anamsafisha na kumchana nywele. Thorfinn anamsihi akimbie, kisha anawasha moto wa kuwaashiria wavamizi. Tukio hilo linawekwa bila maelezo ya msimulizi. Msomaji anaachiwa sura ya mtoto inayomulikwa na moto alioukoka mwenyewe.

Uchoraji unaiunga mkono kejeli hiyo. Thorfinn wa miaka hiyo ana majambia mawili, mwili ulioinama kama wa mnyama anayevizia, na macho yanayotawala fremu. Maneno yake ni machache mno. Askeladd, kinyume chake, anazungumza, anacheka, anapanga na kukumbuka. Yeye ni mwana wa mama Mwelisi aliyekuwa mtumwa na baba Mdenmark, naye alimuua baba yake kwa ajili ya mama huyo. Kwa hiyo muuaji ni mlipaji kisasi aliyetangulia katika njia ileile, na Thorfinn anapomtazama anaitazama kesho yake bila kuitambua.

Kifo cha Askeladd kinauvunja muundo wa hadithi ya kisasi kutoka ndani. Mfalme Sweyn, ambaye katika historia aliivamia Uingereza 1013 na kufariki 1014, anatishia kuivamia Wales. Katika kazi ya Yukimura, Askeladd anajifanya mwendawazimu na kumuua mfalme huyo mbele ya baraza lake, kisha anamwachia Canute amuue yeye ili mwanamfalme apate uhalali wa kutawala. Kifo chake, basi, ni kafara kwa ajili ya Wales na kwa ajili ya utawala mpya. Thorfinn hapati chochote. Aliyemdai amekwisha kulipa, lakini kwa mtu mwingine. Katika fremu za mwisho za sehemu hiyo, hasira ya Thorfinn haina pa kwenda, na kijana aliyejijenga kwa deni moja anabaki bila jina la kujiita.

4.0 Shamba la Ketil: Toba Isiyo na Mdai

Sehemu ya utumwa inaufanya mwendo wa kazi upungue kwa makusudi. Thorfinn na Einar, mtumwa mwenzake kutoka kaskazini mwa Uingereza, wanapewa msitu waufyeke, wapande ngano, na kwa mavuno yake wanunue uhuru wao. Einar amepoteza familia yake mikononi mwa watu wa aina ya Thorfinn. Wawili hao wanalala kibanda kimoja. Hapa kazi ya mikono inachukua nafasi ya mahubiri: aliyezoea kuharibu mashamba ya wengine anajifunza ni jasho kiasi gani linalotangulia suke moja.

Toba yenyewe inatokea ndotoni. Thorfinn anajikuta katika shimo ambamo wapiganaji waliokufa wanauana bila kukoma. Askeladd anamweleza kuwa hapo ndipo wapiganaji wanapoishia, na pepo ya mashujaa inayosimuliwa inabomolewa kwa mchoro mmoja. Kisha wale aliowaua wanamng'ang'ania miguu. Jambo la kuzingatia ni kwamba maiti hao hawamwambii alipe nini. Wanadai bila kutaja kiasi. Thorfinn anaamka akiwa ameazimia kutotumia nguvu tena, lakini azimio hilo linapangwa naye mwenyewe, kwa kuwa wadai wake hawana sauti.

Tatizo hilo linakuwa zito zaidi kwa mhusika Arnheid. Yeye ni mtumwa wa Ketil, mke wa Gardar, mtu aliyetoroka utumwani ili amtafute. Baada ya Gardar kufa, Ketil anampiga Arnheid, aliyekuwa mjamzito, kipigo kinachomuua. Alipokuwa anakata roho, Thorfinn na Einar walimweleza habari za Vinland, nchi ambamo pangekuwa hapana vita wala utumwa. Baadaye makazi yao yatabeba jina lake. Ni heshima kubwa, na pia ni swali. Arnheid hakuomba nchi. Alikuwa amepoteza kila kitu kilichomfanya atake kuishi. Ahadi ya Vinland inazaliwa mbele ya mtu asiyeweza kuikubali wala kuikataa, nayo kwa hiyo ina sifa za kafara kuliko za fidia: inampunguzia mtoaji uzito, na haimrudishii kitu aliyedhulumiwa.

5.0 Hild: Mdai Mwenye Sura

Iwapo kazi ingeishia hapo, toba ya Thorfinn ingekuwa mazungumzo yake na nafsi yake. Yukimura anaepuka mtego huo kwa kumleta Hild, msichana mwindaji wa Norwei ambaye baba yake aliuawa na Thorfinn wakati wa uvamizi wa kijiji chao. Hild ana upinde wa mtambo aliouunda mwenyewe, ana shabaha, na ana kumbukumbu kamili. Kimuundo, yeye ni Thorfinn wa sehemu ya kwanza aliyerudi akiwa na haki ileile ya kisasi, na msomaji aliyemuunga mkono Thorfinn mtoto hana hoja ya kumnyima Hild huruma hiyo.

Thorfinn hajitetei kwa kusema amebadilika. Anakiri, anaomba aachwe aishi kwa sababu ana kazi ya kutimiza, na uamuzi unabaki kwa mwenye mshale. Hild anazuiwa na kumbukumbu za baba yake na za mwalimu wake wa uwindaji, lakini hatoi msamaha. Anatoa masharti. Ataandamana na Thorfinn, atamtazama, na siku atakapoiacha njia yake atamuua. Kwa mara ya kwanza katika kazi hii, kiasi cha deni kinatajwa na mdai.

Mpango huo hauna jina rahisi. Si kisasi, kwa kuwa mshale haukuachiwa. Si msamaha, kwa kuwa mshale haujawekwa chini. Ulio karibu zaidi nao ni ule wa fidia inayolipwa kidogo kidogo kwa maisha yenyewe, mdai akiwa shahidi wa kila siku. Thamani yake ya kimaadili ni kwamba unamwondolea mkosaji fursa ya kujihurumia. Thorfinn hawezi kujiambia kuwa amekwisha kulipa, yupo anayehesabu. Aidha, unamrudishia Hild kitu ambacho uvamizi ulimnyang'anya, yaani uwezo wa kuamua. Katika hadithi nyingi za toba, aliyedhulumiwa hugeuzwa kuwa mlango ambao mkosaji anapita ili aokoke. Hild hapitwi. Anatembea pembeni, na silaha yake inabaki na risasi ya hoja hata inapokuwa kimya.

6.0 Je, ni Amani ya Mwenye Nguvu?

Pingamizi moja haliepukiki. Thorfinn ni mpiganaji bora kuliko karibu kila anayekutana naye. Mtu asiyetaka kuua, lakini anayeweza kumwangusha yeyote kwa ngumi, amekana nini hasa? Katika vita vya Baltiki, anapovutwa katika ugomvi wa urithi wa Wajomsviking, anaokoa watu kwa ustadi uleule alioupata kwa kuua. Kwa kiasi fulani ukanaji wake wa silaha unaishi kwa akiba ya ukatili wa zamani, na aina ya masimulizi inayomtaka msomaji afurahie mapambano inanufaika na akiba hiyo.

Pingamizi hili ni la kweli, ila tukio la ufukweni katika shamba la Ketil linalijibu kwa sehemu. Ili aonane na Canute, ambaye sasa ni mfalme na amekuja kulitwaa shamba, Thorfinn anakubali kupigwa ngumi 100 na askari wa mfalme bila kurudisha hata moja. Hapa nguvu zake hazitumiki kushinda. Zinatumika kubaki amesimama. Canute naye amechagua kujenga pepo duniani kwa kutumia dola, na yuko tayari kuwatoa wachache kwa ajili ya wengi, huku kichwa cha baba yake kikimsumbua kama kivuli. Mbele ya hoja hiyo Thorfinn haleti falsafa iliyokamilika. Anasema kwamba mazungumzo yakishindikana atakimbia. Jibu hilo linalokaribia kichekesho ndilo linalomfanya mfalme aondoke, kwa kuwa limetolewa na mtu ambaye angeweza kujibu vingine.

Hata hivyo, jibu hilo linafaa tu kwa mwenye pa kukimbilia. Gardar alikimbia akafa. Arnheid hakuweza kukimbia. Kazi inalijua hilo, na ndiyo sababu kimbilio la Thorfinn haliwezi kuwa pango la mtu mmoja. Lazima liwe nchi. Hapo ndipo tatizo la mwisho linapoanza.

7.0 Vinland: Amani Katika Nchi ya Wenyewe

Thorfinn Karlsefni ni mtu anayetajwa katika saga mbili za Iceland, ile ya Wagreenland na ile ya Erik Mwekundu. Zote mbili zinasimulia kuwa alikwenda Vinland pamoja na mkewe Gudrid, kuwa mwana wao Snorri alizaliwa huko, na kuwa safari iliishia katika mapigano na wenyeji na kurudi nyuma. Mabaki ya makazi ya Wanorsi yaligunduliwa 1960 huko L'Anse aux Meadows, Newfoundland, na utafiti wa mbao uliochapishwa 2021 umeonesha kuwa miti ilikatwa hapo mwaka 1021.

Kuna jambo moja katika saga hizo ambalo Yukimura amelikuza kwa ustadi. Karlsefni wa saga anawakataza watu wake kuwauzia wenyeji silaha. Katazo hilo lilikuwa la tahadhari: chuma kibaki upande mmoja. Thorfinn wa Yukimura analipindua na kuwataka walowezi wenyewe wasilete panga. Katika saga silaha inafichwa kwa mgeni. Katika katuni inakataliwa kwa mwenyeji wake. Mageuzi hayo madogo yanabeba maadili yote ya kazi, na ukweli kwamba upanga mmoja unaingizwa kwa siri na mlowezi unaonesha kuwa katazo la kiongozi si sawa na toba ya watu wake.

Lakini upanga si chanzo pekee cha maafa. Walnu, wenyeji wa nchi hiyo, wana sababu za kuhofu hata kama wageni wangekuja mikono mitupu. Shamba linahitaji msitu ufyekwe. Jahazi moja huleta jingine. Maradhi hayaulizi nia ya aliyeyabeba. Thorfinn anajifunza lugha ya wenyeji, anafanya biashara nao na kuwaheshimu, na bado makazi yake ni makazi katika nchi ya wenyewe. Wasomaji wa Afrika Mashariki, ambao historia yao inawajua vyema walowezi wa nia njema na wa nia mbaya, hawatahitaji kuelezwa kwa nini hofu ya Walnu si ushamba.

Kwa istilahi zilizopendekezwa katika sehemu ya 2.0, Vinland ni malipo ambayo mkosaji aliyapanga mwenyewe. Wadai wake walikuwa Uingereza, Norwei na Denmark. Malipo yakatolewa ng'ambo ya bahari, juu ya ardhi ya watu ambao hawakuhusika na deni hilo kwa namna yoyote. Walnu wakajikuta wakigharimia toba ya mtu mwingine. Saga ya Erik Mwekundu inaeleza kuwa Karlsefni na wenzake waliona nchi ni nzuri, ila wangeishi humo daima katika hofu ya waliotangulia kuikaa, na kwa hiyo wakaondoka. Yukimura anauheshimu mwisho huo. Vita vinazuka, makazi yanashindwa, na walowezi wanaondoka. Kwa mantiki ya kazi yenyewe, kuondoka huko si aibu. Ni utekelezaji wa lile jibu la ufukweni, safari hii likitolewa kwa watu wenye haki zaidi ya mfalme.

8.0 Hitimisho

Vinland Saga haithibitishi kwamba amani inawezekana popote kwa mtu yeyote mwenye nia. Inathibitisha jambo finyu zaidi na gumu zaidi: kwamba kuacha kisasi ni mwanzo tu wa hesabu, na kwamba aliyeua hana mamlaka ya kuifunga hesabu hiyo peke yake. Toba yake shambani ilikuwa ya kweli lakini haikuwa na msikilizaji. Mbele ya Hild ilipata mipaka, shahidi na masharti, na hapo ndipo ilipofikia kilele cha uzito wake. Vinland ilionesha kinachotokea pale nia njema inapotangulia ridhaa ya wenye nchi.

Kwa taaluma ya fasihi ya Kiswahili, kazi hii ina mafunzo mawili. Kwanza, hadithi ya katuni inaweza kubeba mjadala wa kimaadili wenye uzito usiopungua ule wa riwaya, na inafanya hivyo kwa nyenzo zake: ukimya wa fremu, mkao wa mwili, na wingi wa kurasa zinazotumika kwa kazi isiyo na msisimko. Pili, msamiati wetu wenyewe ni chombo cha uhakiki. Lugha inayotofautisha kulipa na kulipiza, fidia na kafara, haina sababu ya kuisoma kazi ya aina hii kwa jozi moja ya kisasi na msamaha. Nafasi iliyoko kati ya maneno hayo mawili ndiyo ambayo Hild aliishika, akiwa na mshale wake, bila kumwachia mtu mwingine aijaze.